Yosia tunamjua, Shafani je?

Wiki ya vijana ikifika, mahubiri ni yaleyale. Yosia alitawazwa kuwa mfalme wa Yuda akiwa na miaka minane, kwa hiyo, kijana, usijidharau, Mungu anaweza kukutumia hata ukiwa mdogo. Watu wanaitikia amina, wanatoa sadaka, wanakwenda nyumbani. Inanikera, na safari hii nimeona niseme, maana andiko lenyewe halisemi hivyo.

Akiwa na miaka minane Yosia hakufanya lolote lililoandikwa. Alikalia kiti kwa sababu watumishi wa baba yake, Amoni, walikuwa wamemwua bwana wao ndani ya nyumba yake. Mambo ya Nyakati wa Pili, sura ya 34, inatupa umri wake hatua kwa hatua: akiwa na 16 alianza kumtafuta Mungu wa Daudi, akiwa na 20 alianza kuisafisha Yuda na Yerusalemu, akiwa na 26, yaani mwaka wa 18 wa utawala wake, kama 622 KK, alituma watu wakaikarabati nyumba ya Bwana, na hapo kitabu cha torati kikaonekana. Kitabu cha Wafalme kinasimulia kwa mpangilio mwingine, mageuzi yote kikayaweka katika mwaka huo wa 18, lakini hata huko hakuna mtoto wa miaka minane anayebomoa madhabahu. Tukiruka kutoka kutawazwa hadi kubomoa, tunamnyang'anya kijana miaka isiyopungua kumi na miwili ya kukua, kutafuta na kufundishwa.

Hilo bado ni dogo. Kubwa ni kwamba tumemhubiri Yosia kana kwamba alikuwa peke yake, halafu tunashangaa kwa nini mageuzi yake yalizikwa pamoja naye. Hayakuzikwa. Ila tunayatafuta katika nyumba ambayo siyo.

Turudi kwenye 2 Wafalme 22, tusome polepole. Mfalme anamtuma Shafani, mwandishi, kwa kuhani mkuu Hilkia, na kazi aliyopewa ni ya fedha. Mabawabu walikuwa wamekusanya fedha za watu mlangoni. Hilkia azihesabu, zitiwe mikononi mwa wasimamizi wa kazi, nao wawalipe maseremala, wajenzi na waashi, na wanunue mbao na mawe ya kuchonga. Ni katika shughuli hiyo Hilkia anamwambia Shafani kwamba amekiona kitabu. Shafani anakipokea na kukisoma. Kisha anarudi kwa mfalme, na neno lake la kwanza linahusu fedha: zimetolewa, zimefika kwa wasimamizi. Akiisha kutoa taarifa ya kazi aliyotumwa, ndipo anasema kuhani amempa kitabu, anakifungua na kukisoma mbele ya mfalme. Yosia anararua mavazi yake.

Mtu huyu napenda tumtazame. Aliliheshimu agizo la kawaida la ofisi hata alipokuwa na jambo zito kuliko yote mkononi. Alisoma mwenyewe kabla ya kumsomea mkubwa wake. Wala hakuyalainisha maneno ili mfalme asikasirike, kwa maana mfalme asingerarua mavazi kwa maneno yaliyolainishwa.

Kuna mstari wa saba hapo ambao baadhi ya waweka hazina wa makanisa wanaupenda kupita kiasi: wale wasimamizi hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walitenda kwa uaminifu. Unatumika kukataa ukaguzi. Soma basi sura ya 12, mstari wa 10, uone utaratibu uliowekwa tangu enzi za mfalme Yoashi: sanduku likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanapanda pamoja, wanazihesabu na kuzifunga mifukoni. Ofisi mbili tofauti, kwa wakati mmoja, kabla senti haijamfikia fundi. Uaminifu wa wasimamizi ulisifiwa mwishoni mwa mnyororo ambao mwanzo wake ulikuwa umefungwa vizuri. Kamati ya ujenzi ambayo mtu mmoja anakusanya, anahesabu na anatumia, isijifiche nyuma ya mstari huo.

Sasa tuingie ndani ya nyumba zenyewe.

Yosia alikufa Megido mwaka 609 KK, mwenye miaka 39, alipojitia katika vita vya Farao Neko ambavyo havikumhusu. Wanawe watatu walitawala baada yake, na mjukuu mmoja, na wote wanne wanapewa hukumu ileile: walitenda mabaya. Yehoyakimu alitawazwa mwaka huohuo akiwa na miaka 25. Piga hesabu. Siku kitabu kiliposomwa, alikuwa mtoto wa miaka kama 12 katika nyumba ya mfalme aliyerarua mavazi. Wakati mafundi wa Hekalu wanalipwa, alikuwa na umri wa kutosha kuona. Naye akaja kujijengea jumba pana lenye madirisha, likafunikwa kwa mierezi na kupakwa rangi nyekundu, kwa kazi ya watu asiowalipa. Yeremia 22 inamwuliza usoni: baba yako hakula na kunywa, akafanya hukumu na haki? Aliwatetea maskini na wahitaji. Je, huko siko kumjua Bwana?

Halafu sura ya 36. Ni mwezi wa tisa, baridi, makaa yanawaka mbele ya mfalme. Gombo la nabii Yeremia linasomwa, na kila zinapoisha kurasa tatu au nne, Yehoyakimu anazikata kwa kisu cha mwandishi na kuzitupa motoni. Mwandishi wa sura hiyo anaongeza kwamba hawakuogopa wala hawakurarua mavazi yao. Anajua anachokifanya: anatukumbusha baba.

Na ni nani anayemsihi mfalme asilichome? Mmoja wao ni Gemaria, mwana wa Shafani. Gombo hilohilo lilikuwa limesomewa watu kutoka chumba cha Gemaria, katika ua wa juu wa Hekalu. Kabla ya hapo, katika sura ya 26, makuhani na manabii walipotaka Yeremia auawe, mkono uliomkinga ulikuwa wa Ahikamu, mwana wa Shafani, yule aliyekuwa pia katika ujumbe wa Yosia uliokwenda kwa nabii Hulda kuuliza habari za kile kitabu. Barua ya sura ya 29 kwa wahamishwa wa Babeli, ile ya kujenga nyumba, kupanda bustani na kuutakia mji amani, ilibebwa na Elasa, mwana wa Shafani. Na Yerusalemu ulipoanguka, Yeremia alitolewa kifungoni akakabidhiwa kwa Gedalia, mwana wa Ahikamu, mwana wa Shafani.

Miaka ya 1980 wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na Yigal Shiloh walipata katika Mji wa Daudi, Yerusalemu, vipande 51 vya udongo vilivyopigwa mihuri ya nyaraka. Kimoja kina jina la Gemaria mwana wa Shafani. Nyaraka zenyewe ziliteketea mji ulipochomwa. Moto huohuo uliukausha udongo na kuulinda.

Nakubali, bila Yosia Shafani angekuwa na gombo bila msikilizaji. Nakubali pia kwamba Ezekieli 8 inamtaja Yaazania mwana wa Shafani akifukiza uvumba mbele ya sanamu pamoja na wazee sabini, na kama Shafani ni yuleyule, basi hata nyumba hiyo ilikuwa na ufa. Lakini wawili au watatu walisimama pale ambapo wana wa mfalme hawakusimama hata mmoja.

Yapo mengine ya Yosia yanayostahili mahubiri yake. Kitabu kilipohitaji kupimwa, viongozi watano wa nchi walikwenda mpaka nyumbani kwa mwanamke, Hulda, wakarudi na jibu chungu bila kulibadilisha. Makuhani wa mahali pa juu, yaani madhabahu za vilimani, walizuiwa madhabahuni Yerusalemu, lakini waliendelea kula mikate pamoja na ndugu zao. Kondoo na mbuzi 30,000 wa Pasaka aliowapa watu walitoka katika mali yake mwenyewe.

Kwa hiyo mchungaji, au mwinjilisti utakayepewa zamu wiki ya vijana ijayo, nakuomba kwa moyo wote: acha miaka minane. Waambie vijana wasome 2 Wafalme 22, kisha Yeremia 26, 29, 36 na 40, wakipigia mstari kila jina la ukoo wa Shafani. Kisha wamalizie na Yeremia 41, waone aliyemwua Gedalia pale Mispa, mezani, wakila chakula pamoja: Ishmaeli mwana wa Nethania, wa uzao wa kifalme.