Candombe imepata heshima, wapigaji wake je?

Tarehe 3 Desemba 1978, katika ua wa Medio Mundo, jengo la vyumba vya kupanga mjini Montevideo, ngoma za candombe, muziki wa Wauruguay wenye asili ya Kiafrika, zililia kwa mara ya mwisho. Utawala wa kijeshi wa Uruguay ulikuwa umeamuru wakazi wahame, na siku chache baadaye jengo likabomolewa. Familia nyingi zilizofukuzwa zilikuwa za uzao wa Waafrika walioletwa utumwani kupitia bandari ya mji huo. Leo, kwa sheria ya mwaka 2006, tarehe hiyo ndiyo Siku ya Taifa ya Candombe, na mwaka 2009 UNESCO iliiingiza candombe katika orodha ya urithi wa binadamu. Wengi wanahesabu huo ni ushindi. Mimi naona ni nusu ya deni.

Candombe hupigwa kwa ngoma tatu zenye umbo la pipa, zinazoning'inizwa begani: chico, repique na piano. Mkono mmoja hupiga ngozi ukiwa mtupu, mwingine hushika kijiti. Chico, ndogo yenye sauti ya juu, hurudia pigo lile lile bila kuchoka. Piano huvuma chini. Repique huzunguka katikati ikichokoza na kujibu. Mtu mmoja hawezi kupiga candombe. Kabla ya kuanza, ngoma huoteshwa moto barabarani ili ngozi zikaze, na siku hizi hata wenye ngoma za kukazwa kwa skrubu bado huwasha moto, kwa sababu hapo ndipo watu husubiriana, husalimiana na kuulizana habari za nyumbani.

Tangu 1956, gwaride la vikundi vya candombe liitwalo Llamadas hufanyika kila mwaka wakati wa kanivali, kukiwa na majaji na zawadi. Wanaolitetea wana hoja nzito. Baada ya wenyeji kutawanywa, gwaride lilikuwa kati ya mahali pachache walipoweza kukutana tena wakiwa na ngoma zao. Liliifanya sauti iliyokuwa ikidharauliwa kuwa fahari ya nchi nzima. Vikundi vimeenea mitaa mingi, na wanawake wanapiga ngoma zilizokuwa zimeshikwa na wanaume. Kwamba Wauruguay weupe nao wanapiga, silioni kuwa kosa. Katika sensa ya 2011 waliojitaja kuwa na asili ya Kiafrika walikuwa asilimia 8 hivi tu, na ngoma ikipendwa na wengi haimpunguzii mwenyewe kitu.

Lakini wakosoaji nao wanasikia jambo la kweli. Llamada maana yake ni mwito: ngoma zilitoka nyumba hii kuziita za nyumba ile, njiani zikaongezeka. Gwaridini kuna saa na vigezo vya alama, na viti vya kutazamia vinauzwa. Mpigaji anaanza kumpigia jaji. Zaidi ya hapo, mitaa ya Cuareim, Ansina na Cordón kila mmoja ulikuwa na pigo lake, na mwenyeji alilitambua hata kabla kikundi hakijatokea kwenye kona. Pigo la namna hiyo mtoto hulipata kwa kulala na kuamka karibu nalo. Darasa la wiki mara moja hufundisha mkono, lakini halimpi mtoto ujirani.

Kwa hiyo sitaki gwaride lifutwe. Ninachokataa ni kulichukua kuwa malipo. Kilichovunjwa 1978 kilikuwa makazi, na cheti cha urithi hakimrudishi mtu mtaani kwake. Ndiyo maana nauthamini sana ushirika wa nyumba wa Ufama al Sur, ulioanzishwa na wanawake wenye asili ya Kiafrika waliokuwa wakibeba familia zao, wakadai nyumba katika Barrio Sur, mtaa ule ule wa Medio Mundo. Walipigania miaka mingi, wakazipata. Kama fungu la fedha za kanivali lingeandamana na nyumba nyingi zaidi za namna hiyo, watoto wangeusikia moto ukiwashwa mlangoni kwao.