Notisi Iandikwe na Wakili Aliyeshindwa

Kuna tabia imezoeleka kwa baadhi yetu mawakili wa jinai hapa Tanga, nayo inanikera. Hukumu inasomwa, mteja anakutwa na hatia ya unyang'anyi wa kutumia silaha, anapigwa mvua 30, wakili anakusanya mafaili yake. Ndugu wanamfuata koridoni: "Wakili, sasa tunafanyaje?" Jibu: "Mkitaka rufaa, njooni ofisini tuzungumze." Yaani leteni hela nyingine.

Sina ugomvi na hela. Rufaa ni kazi mpya na ina malipo yake. Ugomvi wangu ni notisi. Aliyehukumiwa na mahakama ya wilaya, iwe Handeni au Lushoto, anapewa na Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai siku 10 za kutoa notisi ya kusudio la kukata rufaa Mahakama Kuu, na siku 45 za kuwasilisha sababu za rufaa. Hizo 45 zina nafuu, kwa kuwa muda wa kusubiri nakala ya mwenendo wa kesi na hukumu hauhesabiwi. Zile 10 hazimsubiri mtu. Na notisi yenyewe ni karatasi moja: jina, namba ya kesi, mahakama, tarehe ya hukumu, na kauli kwamba hajaridhika. Sababu zinakuja baadaye. Wakili aliyekuwapo hukumu ikisomwa anaimaliza kabla chai haijapoa.

Asipoiandika, mteja anapandishwa karandinga hadi gereza la Maweni na jukumu la karatasi hiyo linabaki juu yake. Bahati nzuri gerezani wapo wafungwa wazoefu wanaojua taratibu kuliko baadhi ya mawakili wachanga, na mkuu wa gereza hupokea nyaraka za rufaa na kuzipeleka mahakamani. Notisi za namna hiyo utazitambua tu: peni ya bluu, mwandiko wa mtu mwingine, dole gumba la wino chini, muhuri wa gereza pembeni. Lakini ikichelewa au isipokuwapo, rufaa inaondolewa bila hoja hata moja kusikilizwa. Mfungwa anaanza upya kuomba aongezewe muda, tena aeleze kwa nini alichelewa. Huku nje sisi tunaendelea na kesi nyingine.

Wapo wanaojitetea kwamba rufaa yenyewe haina mashiko, kwa nini wampe mtu matumaini hewa? Basi usimpe. Mwambie ushahidi wa utambuzi ulikuwa mzito. Mwambie Mahakama Kuu inaweza kuongeza adhabu au kuamuru kesi isikilizwe upya, na kwamba dhamana wakati wa kusubiri rufaa haipatikani kirahisi. Akishayasikia yote hayo, uamuzi ni wake. Anayelala Maweni si wewe.

Penye sababu za rufaa hapo wakili ana sauti. Mteja akitaka uandike kwamba hakimu alihongwa, na hana hata chembe ya ushahidi, unakataa. Wewe ni ofisa wa mahakama. (Aliyekiri kosa mwenyewe, kwa kawaida rufaa yake inabaki kwenye adhabu tu. Hilo aambiwe kabla hajatamka "ni kweli" kizimbani.)

Pagumu ni pale hoja nzuri kuliko zote inapokuwa uzembe wako wewe wakili. Mteja alikuambia siku ya tukio alikuwa Pangani, na hukutoa taarifa ya utetezi huo kama sheria inavyotaka. Huwezi kuibeba rufaa hiyo na kujilinda wakati huohuo. Mweleze kwa uwazi, mkabidhi faili lote, mshauri atafute wakili mwingine. Kama hana uwezo, Sheria ya Msaada wa Kisheria ipo tangu 2017.

Na nyinyi ndugu, siku ya hukumu msitoke mahakamani bila kumwuliza wakili notisi anaipeleka lini. Akianza kutaja ada, nendeni Maweni mapema mkamwambie ndugu yenu aombe kuiandikia hukohuko gerezani, ndani ya siku hizo 10.