Eti Phillis Wheatley alibahatika

Juzi kwenye kikao chetu cha wasoma vitabu, tukimzungumzia Phillis Wheatley, mshairi aliyetekwa Afrika akauzwa utumwani Amerika, mwenzetu mmoja kaweka kikombe chake cha chai mezani, kasema kwa utulivu kabisa: "Lakini tuseme ukweli, huyu Phillis alibahatika. Angebaki Afrika angeandika nini?" Nilinyamaza kwa kumstahi mwenye nyumba. Hapa sinyamazi.

Bahati! Mtoto kashushwa Boston mwaka 1761, ana mapengo mbele. Kwa hayo mapengo ndipo wakakisia kuwa ana miaka saba hivi, kama unavyomkagua mbuzi mnadani. Jina alilopewa kwao hatulijui. Phillis ni jina la meli iliyomleta, Wheatley ni la waliomnunua. Kila tukimwita, tunaita chombo na mwenye mali.

Haya, familia ile ilimfundisha kusoma, hilo siwanyimi. Na ndiyo, lile shairi lake la kuletwa kutoka Afrika linaiita safari ile rehema. Mistari minane tu, na kila mjadala watu wanakuja nayo kama hirizi! Basi someni na lile la mwaka 1772 alilomwandikia Dartmouth, waziri wa Uingereza wa makoloni. Humo anasema alinyakuliwa, kisha anawaza ni majonzi gani yaliyokuwa yakimtesa mzazi wake kifuani. Aliyempokonya baba mtoto wake, anasema, roho yake ilikuwa ya chuma. Miaka kumi na moja imepita, bado ni mtumwa, anamwandikia bwana mkubwa kwa adabu zote, na katikati ya adabu hizo anamchomeka baba yake. Huyo ndiye mwenye bahati?

Kitabu chake kilitoka London mwaka 1773, kikiwa na hati ya wakubwa 18 wa Boston, gavana akiwemo, kuthibitisha kwamba kweli kaandika yeye. Mimi mwalimu mmoja tu aliniuliza "nani kakuandikia insha hii?" nikasusa chakula cha mchana.

Alikufa mwaka 1784, huru na fukara. Mswada wa kitabu cha pili, ambao aliutafutia wanunuzi mwaka 1779 akawakosa, haujaonekana mpaka leo.

Kikao kijacho ni kwangu. Chai nitapika, maandazi yatakuwepo, ila hakuna atakayemiminiwa kabla sijamaliza kusoma shairi la Dartmouth kwa sauti.