Ruzuku za serikali Lamu: daftari libaki, safari zipunguzwe

Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na kila unapokaribia, barazani na kwenye vikundi vya kina mama hapa Lamu swali ni lilelile: pesa zipo, mbona hatuzioni? Wanaozisimamia nao wana jibu lao: vikundi haviombi, na vikiomba havitimizi masharti. Nimezisikiliza pande zote mbili kwa muda mrefu, na kila upande una haki yake. Nitasema ninaposimama mimi, lakini kwanza tuzitenganishe pesa zenyewe, maana wengi hushindwa hapo kabla hata ya kushika kalamu.

Mfuko wa maendeleo ya eneobunge, NG-CDF, ni wa majukumu ya serikali ya kitaifa: madarasa ya shule za msingi na sekondari, basari, vituo vya polisi. Wavuvi wakipeleka huko ombi la jokofu la samaki wanapiga hodi nyumba isiyo yao, kwa kuwa uvuvi ni kazi ya kaunti. Mfuko wa Uwezo, uliozinduliwa 2013, hauna riba lakini ni mkopo, lazima urudishwe. Hustler Fund ya Novemba 2022 ni mkopo wenye riba ya asilimia 8 kwa mwaka, na kwa watu wa dini yetu ya Kiislamu hilo peke yake linatosha kuwaweka mbali. Ruzuku hasa, ile isiyorudishwa, kikundi huitafuta kwingine: kwenye NGAAF, mfuko wa kitaifa wa kuinua makundi yaliyoachwa nyuma, unaopitia ofisi ya mwakilishi wa kike wa kaunti, kwenye miradi ya mabadiliko ya tabianchi inayopangwa na kamati za wadi chini ya FLLoCA, mpango wa kufadhili hatua za tabianchi zinazoongozwa na wenyeji, au kwenye miradi ya aina ya KEMFSED, mradi wa uvuvi wa baharini na maendeleo ya jamii, ulioidhinishwa 2020 kwa ajili ya kaunti tano za Pwani, Lamu ikiwemo.

Masharti karibu yanafanana. Kikundi kiwe kimesajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022, kiwe na wanachama wasiopungua kumi, katiba, mihtasari ya vikao, akaunti ya benki, vitambulisho vya viongozi, na andiko la mradi lenye bajeti.

Wapo wanaoyaona haya yote kuwa ukuta uliojengwa makusudi ili maskini asipite. Sikubaliani nao, angalau si kwa yote. Pesa za KEMFSED, kwa mfano, zimetokana na mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 100, na mkopo huo utalipwa na watoto wetu. Kikundi kikipewa pesa hizo bila kuulizwa kimekutana mara ngapi na kimeamua nini, vikundi vya mfukoni vitazaliwa usiku mmoja: mwenyekiti, shemeji yake na majina manane ya watu wasiojua kama wameandikwa. Mihtasari ya miezi kadhaa, yenye saini za waliohudhuria na mchango wa kila mmoja, si rahisi kuibuni asubuhi moja.

Kuna jambo jingine lisilosemwa sana. Daftari humlinda mwanachama mnyonge kabla ya kumlinda mfadhili. Katika kila kikundi yupo mama anayekaa nyuma, anatoa mchango wake kila wiki, na hasemi. Siku mweka hazina akihamia Mombasa, au mwenyekiti akifariki na jina lake liko benki, mama huyo hana shahidi mwingine ila karatasi. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na walisema hivyo ijapokuwa watu walijuana na kuaminiana kuliko tunavyoaminiana leo.

Basi kwa nini upande wa pili nao una haki? Kwa sababu ya bahari.

Chukua mfano wa kikundi cha kina mama wa Kizingitini, kisiwani Pate. Boti ya kuja Lamu hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya kisiwa cha Manda na bara, na Mkanda haupitiki maji yakiwa yamekupwa. Kwa hiyo anayesafiri hachagui saa, maji ndiyo yanamchagulia. Anafika ofisini, anaambiwa afisa yuko kwenye semina, na boti ya kurudi haitamngoja. Alale kwa jamaa, au arudi kesho kutwa. Usajili peke yake unaweza kula safari tatu, na mara nyingi wanatakiwa viongozi watatu pamoja: hizo ni nauli tisa za kwenda na tisa za kurudi, kabla benki haijatajwa. Shughuli yao ikiwa katika ofisi za kaunti Mokowe, upande wa bara, wanavuka tena. Kikundi cha Mkomani, hapa mjini Lamu, kinafanya karibu yote hayo kwa miguu, kati ya adhuhuri na alasiri. Kwenye karatasi masharti ni mamoja, lakini mmoja ameyalipia kwa jasho la kutembea na mwingine kwa akiba ya mwaka mzima. Watu wa Basuba, huko bara, ambao safari yao ni ya barabara ya msituni yenye historia ya mashambulizi, hata siwezi kuwapigia hesabu.

Halafu ipo lugha. Kifungu cha 7 cha Katiba kimeifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sawasawa na Kiingereza, ilhali fomu nyingi na maandiko ya miradi bado yanatakiwa kwa Kiingereza. Katika pengo hilo ndimo anamoingia dalali. Anaandika kwa malipo, au kwa ahadi ya fungu la pesa zikitoka, na mara nyingi hubadilisha jina la kikundi tu kwenye andiko alilokwisha kuliuza kwingine. Ndiyo maana unaweza kukuta kikundi kimeomba kuku wakati wanachama walitaka masanduku ya barafu. Mradi huo ukifa, lawama hurudi kwa wanakikundi: hawajui kusimamia. Linaniuma sana hilo.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: daftari libaki, safari na Kiingereza viondoke. Afisa wa huduma za jamii awe na siku zinazojulikana Faza, Kizingitini na Kiunga, zitangazwe misikitini na kwa machifu. Ombi lisemwe kwa mdomo mbele ya wanachama, afisa aliandike kwa Kiswahili, alisome kwa sauti, kisha watie saini au dole gumba. Nimeambiwa mafuta ya boti ya serikali ni ghali. Ni kweli, lakini boti moja inayobeba afisa mmoja ni nafuu kuliko vikundi ishirini kubeba viongozi wao. Hoja ninayoiona nzito ni nyingine: ombi la mdomo humpendelea msemaji hodari, na afisa anaweza kuandika lake. Kulisoma hadharani kutapunguza hilo, hakutalimaliza.

Vikundi navyo visingoje. Anzisheni daftari kabla hamjasikia habari za ruzuku yoyote. Ombeni kitu ambacho fundi wa kukitengeneza yupo kisiwani, kwa kuwa jokofu lililoharibika Kizingitini likisubiri fundi wa Mombasa ni kabati tu. Na mjue kalenda. Kwa pesa za kaunti, ambalo halimo katika mpango ni vigumu kulipata baadaye, na mpango wa maendeleo wa mwaka unatakiwa ufike bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Makadirio ya bajeti hufuata Aprili 30, baada ya maoni ya wananchi kukusanywa katika miezi ambayo kaskazi inavuma na wavuvi wako baharini wakitafuta riziki ya mwaka. Lakini Julai na Agosti ni kusi, bahari imechafuka, na mashua nyingi zimepandishwa pwani. Wanaume wapo nyumbani, kina mama wanakutana, na mpango bado haujafungwa. Miezi hiyo miwili ndiyo ya kutaja jokofu.