Kidonge cha Miligramu 5 si cha Nyanya

Magharibi ikiingia, mzee mwenye ugonjwa wa kusahau hutaka kwenda "kwao" ilhali yuko kwake, humsukuma anayemvua kanzu, hulia kuwa kaibiwa. Hapo hutafutwa haloperidoli, dawa ya maradhi ya akili, na Mombasa hii kidonge chake kilichozoeleka ni cha miligramu 5. Mtu wa miaka 80 huanzishwa nusu miligramu, au chini ya hapo. Kizima ni mara kumi!

Yanayofuata yanajulikana. Mwili hukakamaa, mate humtoka, hatua hufupika, anaanguka. Chakula humpalia na kuingia mapafuni, ikawa nimonia. Kisha huongezewa benzheksoli ya kulegeza viungo, nayo huzidisha kusahau, hufunga choo na mkojo. Mkojo uliozuilika humhangaisha upya. Jamaa husema maradhi yamezidi, na dozi hupandishwa. Mwendo huu unaniuma, kwa sababu unazuilika.

Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo baada ya kupitia majaribio 17 ya dawa mpya za aina hii kwa wazee wenye ugonjwa wa kusahau: katika wiki kama 10 walikufa takriban wagonjwa 4.5 katika kila 100 waliopewa dawa, dhidi ya 2.6 waliopewa vidonge visivyo na dawa. Mwaka 2008 onyo likazijumuisha za zamani, haloperidoli ikiwamo.

Kwa hiyo tafuteni kwanza kinachomsumbua, hasa vurugu zikianza ghafla. Mkojo upimwe. Amepata choo lini? Jino, goti, kidonda cha mgongoni? Joto la kaskazi humkausha na yeye haombi maji. Hata Piriton ya mafua humvuruga. Taa ziwashwe kabla giza halijaingia, na akisema anakwenda kwao msimbishie, mtembezeni uani.

Dawa ina nafasi yake pale anapohatarisha maisha, yake au ya wengine, au maono yanapomtesa. Risperidoni, mojawapo ya zile mpya, huanza na robo miligramu. Lakini aliyeanza mapema kuona watu wasiokuwapo na anatembea kwa kukakamaa, daktari aambiwe kabla ya kuandika chochote: huenda ni demensia ya Lewy, aina mojawapo ya ugonjwa wa kusahau, na haloperidoli yaweza kumuua.

Wiki 4 zikipita bila nafuu, daktari aiondoe dawa. Ikisaidia, ijaribiwe kupunguzwa kabla ya miezi 4 kwisha, nusu ya dozi kila wiki 2. Tarehe hiyo iandikwe siku ileile dawa inapoanzwa.