Taa zako kali zimeninyima barabara

Jumamosi iliyopita, saa mbili kasoro usiku, nilikuwa nashuka kutoka Amani, kwenye milima ya Usambara mkoani Tanga, kuelekea Muheza. Anayeijua barabara hiyo hahitaji kusimuliwa: kona juu ya kona, msitu kushoto na kulia, na udongo ambao ukipata manyunyu tu unateleza kama sabuni. Nilishapita Zigi, nimefika kwenye tambarare, natembea kilomita 50 kwa saa. Mbele likatokea gari lenye baa ya LED, ule ukanda mrefu wa taa kali, juu ya paa. Nikamwashia fuli mara moja kumwomba apunguze. Nikamwashia tena. Hakupunguza. Kila kitu kikawa cheupe, na alipopita kikawa cheusi tii. Nilikanyaga breki kwa sababu sikuona kitu, si kwa sababu nimeona kitu. Macho yaliporudi, mita kama nne mbele ya bampa langu alikuwepo baba mmoja anasukuma baiskeli yenye magunia mawili ya machungwa. Magunia yalikuwa yameziba nyuma kote, hata kile kijicho chekundu cha kwenye madigadi.

Nikashuka kumpa pole na kumwomba radhi. Mkono wake bado ulikuwa usoni, anajikinga. Akasema, "Mimi nilikuwa nawaona nyote wawili, mwanangu. Nikajua na nyie mnaniona."

Nimelala na maneno hayo siku tano sasa.

Kwa hiyo leo nawajibu kwa pamoja wote mnaoniuliza LED gani muweke ili muone vizuri njia za vijijini. Jibu langu ni kwamba msianzie huko. Mwenye baa ile juu ya paa naamini aliinunua kwa nia njema. Naye alikuwa anaogopa mashimo, ng'ombe na lori lililokufa katikati ya njia likiwa limewekewa matawi tu kama alama. Woga wake naujua, maana ni wangu pia. Ila aliponunua mwanga wake alininyang'anya wangu, na karibu ampokonye baba wa watu maisha.

Tuelewane kuhusu globu. Gari langu ni Probox ya mwaka 2006, linatumia globu za aina ya H4 kama magari mengi tunayoyapata kutoka Japani. Ndani ya H4 ya halojeni kuna nyuzi mbili, moja ya dimu, yaani mwanga wa chini wa kupishana, yenye wati 55, na moja ya fuli, mwanga wa mbali, yenye wati 60. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Ishike globu mkononi ukiangalie, ni kidogo kama ukucha wa kidole cha mwisho. Kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga usipige nusu ya chini ya kioo cha ndani ya taa, na kwa sababu hiyo mwanga hauruki juu kwenye macho ya anayekuja. Uzi wenyewe umewekwa mahali pake kwa kipimo cha milimita, na kile kioo cha ndani kimekunjwa kwa kuufuata. Sasa unachomoa kitu hicho, unapachika LED ya bei poa iliyonunuliwa Kariakoo, yenye vipande vya mwanga vilivyobandikwa pande mbili za bati nene. Chanzo cha mwanga kimehama. Taa bado inang'aa, tena sana, lakini haijui tena pa kuupeleka mwanga. Nusu inakwenda kwenye miti, robo kwenye macho yangu, na unaobaki unamwagika mita kumi mbele ya bampa lako.

Hizo mita kumi ndizo zinazodanganya watu. Pale mbele ya pua ya gari panakuwa peupe kama mchana, dereva anaona ameona. Mboni zake zinasinyaa kwa mwanga huo wa karibu, na kule mbali anakotakiwa kuangalia panazidi kuwa giza. Piga hesabu. Kwa kilomita 80 kwa saa unakwenda mita 22 kila sekunde. Hadi ushtuke, ukanyage na gari lisimame kwenye changarawe, umekula karibu mita 100. Mtu aliyevaa nguo nyeusi, kwa dimu nzuri iliyopangwa sawasawa, utamwona kwenye mita 50 hivi. Hakuna globu ya dimu inayofuta pengo hilo. Kinachofuta ni mguu wako kutoka kwenye mafuta. Na yule uliyemwashia usoni, akikaa sekunde tano bila kuona kwa mwendo wangu wa Jumamosi, amesafiri mita 70 kipofu. Ndugu yangu, mita 70! Kwenye njia ambayo watoto wanatoka kisimani, akina mama wanarudi na kuni, na bodaboda anatembea na tochi ya simu!

Mwaka juzi mimi mwenyewe nilikuwa njiani kwenda kununua LED. Taa zangu zilikuwa kama vibatari. Nikampitia mzee mmoja fundi umeme wa magari, nikamwamkia, nikamweleza shida yangu. Hakunijibu. Alichukua mita yake ya kupimia umeme, akaniambia niwashe gari na taa, akapima kwenye betri: volti 13.9. Akachomoa soketi ya globu nyuma kidogo, akachomeka ncha za mita zikiwa zinagusana na vyuma huku taa inawaka: volti 11.6. Akanigeuzia kioo cha mita nijisomee. "Umeme wako unaishia njiani," akasema.

Njiani ni kwenye waya mwembamba wa miaka karibu ishirini, kwenye swichi iliyoungua midomo, kwenye athi, ule waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, iliyoota kutu. Halojeni haisamehe hilo. Ikikosa asilimia 10 ya volti inapoteza karibu asilimia 30 ya mwanga. Mimi nilikuwa nimekosa zaidi ya asilimia 16, yaani karibu nusu ya taa zangu ilikuwa inapotelea kwenye waya, nami niko tayari kutoa hela kununua nyingine.

Fundi alivuta waya mnene wa milimita za mraba 2.5 kutoka betri, akaweka fyuzi karibu kabisa na betri, akafunga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo), moja ya dimu na moja ya fuli, na athi mpya akaipiga kwenye bodi baada ya kukwangua rangi hadi chuma kiking'aa. Swichi ya zamani ikabaki na kazi ya kuamrisha rilei tu. (Toyota nyingi za zamani swichi hukata upande wa athi, si upande wa moto. Fundi asiyelijua hilo atakuunguzia fyuzi kutwa nzima.) Jioni ile nilipowasha nilidhani amenibadilishia globu. Zilikuwa zilezile.

Kioo cha nje nacho kilikuwa cha njano kama jino la mvuta tumbaku. Jua letu linaivunja ile plastiki, mwanga ukipita unatawanyika. Msasa wa maji namba 800, kisha 1500, kisha 2000, halafu polishi, halafu vanishi ya kuzuia jua. Ile ya mwisho usiiruke, la sivyo baada ya miezi michache unarudi kulekule. Dawa ya meno ni ya kudanganya mnunuzi.

Kisha kupanga taa. Tafuta ukuta na mahali pa usawa, pima upepo wa matairi, simamisha gari mita 5 kutoka ukutani. Mstari wa dimu uwe chini ya kimo cha taa yenyewe kwa sentimita 5. Kazi ya bisibisi na nusu saa, na ndiyo inayosahaulika kuliko zote. Ukibeba magunia nyuma pua inanyanyuka, dimu yako inageuka fuli kwa wenzako, basi ishushe kabla hujaondoka. Na gari lililotengenezwa kwa nchi ambako magari hupita upande wa kulia wa barabara dimu yake hunyanyukia kulia, ambako kwetu ndiko wanakotokea wenzako. Taa za aina hiyo zibadilishwe, hazipangiki.

Kwa wapanda Amani, ukungu ukishuka fuli ni ukuta mweupe. Foglaiti mbili zilizofungwa chini ya bampa, zenye mwanga mpana wa njano, zitakuonesha ukingo wa barabara. Zile nyeupe zinazoelekea bluu zikae dukani. Kwenye udongo uliolowa zimenifichia mashimo zaidi ya mara moja.

Haya, nakubali. Taa ya LED iliyotoka kiwandani na nyumba yake, siyo iliyopachikwa kwenye nyumba ya halojeni, ni nzuri, tena sana. Na hiyo baa, kama unalala porini na unapita njia ambazo usiku kucha hukutani na mtu, ina kazi yake. Lakini iungwe na waya wa fuli kupitia rilei, ukishusha dimu nayo ife papo hapo. Isiwe na swichi yake pembeni, kwa sababu mkono uliochoka saa nne usiku hautaifikia. Ule wa Jumamosi haukuifikia.

Yule baba nilimwuliza anapokaa. Jumanne nilimpelekea utepe wa kuakisi mwanga, tukaubandika kwenye fremu, kwenye rimu na, kwa wazo lake mwenyewe, kwenye kamba ya kufungia magunia, ili ukae nje ya mzigo. Tulisubiri giza liingie tuujaribu. Nilirudisha gari hadi mwisho wa mikorosho, nikawasha dimu. Aling'aa tangu mbali, magurudumu yake mawili yakizunguka kama sahani.

Kwenye ukuta wa ghala jirani na kwangu alama za mkaa za kupangia taa bado zipo, na bisibisi ninayo. Anayepita Muheza jioni asimame tu, tutazipanga pamoja.