Simu ya ofisi usiku ni suala la zamu, si la fundi

Ofisi nyingi zikiamua kushughulikia simu zinazopigwa baada ya saa za kazi, humwita fundi. Fundi anafika, anauliza mnafunga saa ngapi, anajibiwa saa kumi na moja jioni. Anauliza simu zikipigwa baada ya hapo ziende wapi, na hapo watu wananyamaza. Meneja anamtazama mhasibu, mhasibu anamtazama dada wa mapokezi. Mwishowe linatajwa jina la mtu ambaye hayupo kikaoni. Swichibodi, yaani mtambo wa simu wa ofisi, inaelekezwa kwenye simu yake ya mkononi, fundi analipwa, watu wanarudi kwenye shughuli zao.

Kwa maoni yangu kazi yenyewe hapo haijaanza. Kuelekeza simu ni dakika chache tu za kubofya. Kigumu ni kuamua nani ataamka, akishaamka ataruhusiwa kufanya nini, na atalipwa nini. Maswali hayo ni ya mwenye kampuni.

Chukua mawakala wa forodha wa Dar es Salaam. Dereva amekwama mpakani Tunduma saa tano usiku kwa sababu namba ya kontena kwenye karatasi hailingani na iliyoandikwa ubavuni. Anapiga namba aliyoiona kwenye nyaraka, yaani ya ofisini. Akipokelewa na mtu asiye na ruhusa hata ya kufungua faili la mzigo, amepata mtu wa kuzungumza naye tu, lori halisogei. Kampuni ya namna hiyo inahitaji zamu ya kweli, yenye mtu anayeweza kuamua. Shule ya kutwa haihitaji. Iseme imefunga, itaje saa ya kufungua, basi. Zahanati isiyolaza wagonjwa nayo ifunge, ila iseme mgonjwa wa usiku aende hospitali gani.

Halafu kuna mlinzi. Mara nyingi simu ya mapokezi inaita gizani mpaka mlinzi anaingia kuipokea: "Wameshaondoka, piga kesho." Simlaumu hata kidogo. Amejibu kwa ufupi na ukweli kuliko rekodi nyingi zenye muziki. Lakini kama ofisi imeamua awe mpokea simu wake, impe daftari, imweleze jambo gani ni la kumwamsha nani, na imlipe kwa kazi hiyo ya pili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inahesabu usiku kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa kila saa ya kazi ya usiku mfanyakazi anastahili nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi. Ukimkabidhi mtu simu ya usiku bila kuzungumza malipo, ukatarajia apokee kwa bashasha saa nane za usiku, unajidanganya. Ataizima, na mimi ningeizima.

Sanduku la ujumbe wa sauti siliamini. Watu wetu hawaongei na mlio. Wakisikia "acha ujumbe wako", wanakata. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo atakutumia sauti ya dakika tatu kwenye WhatsApp, na pumzi asivute. Nadhani sababu ni zile tiki: anaona ujumbe umefika, anaona umesikilizwa. Sanduku la ofisi halimrudishii chochote. Kwa hiyo rekodi ya usiku iwe fupi, itaje namba ya WhatsApp ya ofisi, na hiyo namba iwe na mtu wa kuisoma asubuhi.

Mambo ya mitambo nayo yapo, ila ni ya kuuliza mara moja tu. La kwanza ni saa. Seva nyingi, yaani kompyuta zinazoendesha mitambo hii, huja zikiwa kwenye UTC, saa ya kimataifa, nyuma yetu kwa saa 3. Ukiandika unafungua 8:00 na kufunga 17:00 bila kurekebisha hilo, mteja wa saa tatu asubuhi ataambiwa mmefunga, na wa saa moja jioni ataita kwenye viti vitupu. La pili, simu iliyohamishiwa kwenye mkononi inakula laini mbili, moja ya kuingia na moja ya kutoka, na ya kutoka inalipiwa na ofisi. Wenye laini mbili tu, mpigaji mmoja anazimaliza. La tatu linaudhi zaidi: mara nyingi simu ya zamu itaonyesha namba ya ofisi badala ya namba ya aliyepiga. Ukiikosa, ukarudisha, unaipigia ofisi yako mwenyewe, nayo inataka kukurudishia wewe. Mwambie fundi ajaribu hilo mbele yako. Na kama ofisi haipigi nje ya nchi usiku, njia hiyo ifungwe kabisa, maana wezi wa dakika za simu, wanaopiga nje kwa mtambo wa wengine, hupenda wikendi na sikukuu, wakati hakuna anayetazama bili.

Sikukuu zenye tarehe unaziingiza kwenye kalenda ya mtambo mara moja, kwa mfano 12 Januari, 26 Aprili, 7 Julai, 8 Agosti, 14 Oktoba, 9 Desemba. Idd haiingiziki hivyo. Mwezi ukionekana usiku, kesho ni sikukuu, na swichibodi haijui. Ndiyo maana napendelea kuwe na namba ya kubadili kwa mkono. Kwenye FreePBX, programu ya kuendesha swichibodi, huanza na *28, ukiipiga kutoka ekstensheni ya ofisini mtambo unahamia hali ya kufunga. Anayeipiga ajulikane kwa jina, kwenye orodha ileile ya zamu, na ajulikane pia atakayeirudisha. Hilo la pili husahaulika. Nimewahi kupigia ofisi siku ya kazi, saa nne asubuhi, nikatakiwa Idd njema iliyokwisha wiki nzima nyuma.